Mashine Iliyoona Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo, na karakana ilifunguliwa saa mbili. Nilikaa juu ya jiwe na cheti changu cha chuo cha ufundi kikiwa ndani ya bahasha. Nilikitoa, nikakisoma, nikakirudisha, kisha nikaogopa kwamba nimekichafua kwa vidole, nikakitoa tena. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Karakana yenyewe ilikuwa banda la bati nyuma ya boma dogo la Karagwe, na kazi yake kubwa ilikuwa kutunza gari la vipaza sauti. Kwa gari hilo wakubwa walikwenda kuzungumza na watu kwenye mabaraza, kuanzia Nyabiyonza hadi vilima vya Kyerwa.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Fundi Mkuu, Mzungu mrefu aliyejifunza redio jeshini. Alikitazama cheti changu kwa muda mfupi kuliko nilivyotegemea.

"Unajua kulehemu?"

"Ndiyo, Bwana."

"Unajua kutumia mita?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi fanya kazi na ukae kimya. Waliosoma huwa wanaongea sana."

Nikakaa kimya. Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kama ningeweza kufanya vingine, na kila nikijiuliza hasira inapanda upya, kwa hiyo afadhali niieleze kazi yenyewe kwanza.

Ninyi mnaotengeneza spika za studio leo, zile za kusikilizia anayerekodi, mngecheka mkiona vyombo vyetu. Lakini njia ya sauti ni ileile. Maikrofoni hupokea sauti ya mtu na kuigeuza kuwa umeme dhaifu. Amplifaya huukuza umeme huo. Yetu ilifanya hivyo kwa vali, yaani taa za kioo zenye nyuzi zinazowaka kwa rangi nyekundu, na kila vali ilichomekwa kwa miguu yake kwenye soketi. Mwisho wa njia, spika huugeuza umeme kuwa sauti tena. Sisi tulikuwa na spika mbili za tarumbeta juu ya paa la gari. Waya wake ulishuka ndani na kuishia kwenye plagi kubwa ya shaba yenye miguu minne, iliyochomekwa kwenye ule ukuta wa bati unaotenganisha miguu ya dereva na injini. Naomba muikumbuke plagi hiyo, maana mimi sikuikumbuka.

Sauti ikikatika moja kwa moja, fundi anashukuru. Anapima kuanzia mwanzo, anafika mahali umeme unapoishia, anatengeneza. Shida ni sauti inayokatika na kurudi. Ukifika na mita yako ya kupimia umeme, spika inaimba vizuri. Ukigeuza mgongo inanyamaza. Chuoni tulifundishwa sababu zake: lehemu iliyopasuka isionekane kwa macho, waya uliokatika ndani ya ngozi yake, mguu wa vali wenye kutu. Hatukufundishwa kumuuliza mtu anayeiendesha.

Aliyeiendesha yetu alikuwa Mzee Kalisti wa Rugu, Mnyambo wa umri wa baba yangu. Hakujua kusoma. Waya zote alizijua kwa rangi na kwa kuzishika. Babu zake walikuwa watunza ngoma wa mtawala wa zamani, na mashine ile aliitunza kama wao walivyotunza ngoma. Haikuwekwa chini kwenye udongo. Hakuna aliyeruhusiwa kuiruka. Jumamosi aliifuta yote kwa kitambaa, na sehemu za shaba akazipaka samli kidogo, kama wazee wake walivyoipaka ngozi isikakamae. Nilimwona akifanya hivyo wiki yangu ya kwanza. Nilifikiri ni tabia ya kizee, nikapita.

Wakati huo ilitoka amri juu ya migomba. Alikuwa ameingia funza anayekula vishina, na wakubwa wakaamua kila mwenye shamba akate migomba yenye ugonjwa, ang'oe vishina na kuvichoma moto. Labda kitaalamu ilikuwa sawa. Lakini kwa watu wa huku kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka makazi, ni nyumba, ni chakula, ni makaburi ya wazazi, na hakuna aliyetaka mgeni amwonyeshe mgomba wa kukata. Bwana Shauri, ofisa kijana aliyesimamia mabaraza, alitumwa kuisoma amri hiyo vijiji vyote.

Baraza la kwanza lilikuwa Nyabiyonza, saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka. Mpangilio ulikuwa mmoja kila mahali. Gari likifika, injini iliachwa ikinguruma ili ichaji betri, na Kalisti akapiga sahani za muziki kuita watu. Watu wakijaa, injini ilizimwa ili kelele zake zisiwasumbue wakubwa. Ikafuata sala, kisha salamu za wakungu, yaani wasimamizi wa vijiji, ambao hakuna hata mmoja aliyejua kusalimu kwa ufupi. Ndipo Bwana Shauri aliposhika maikrofoni.

"Kila mwenye shamba ata—" ikasema spika, ikanyamaza.

Tuliona midomo yake ikiendelea. Mama mmoja mbele akamwambia mwenzake, kwa Kinyambo na kwa sauti ya kutosha, "Hata mashine imekataa." Kicheko kilianza pale mbele kikafika mpaka kwa waliokaa mitini. Kalisti aligonga, akachomoa, akachomeka, akawasha injini. Baada ya muda sauti ikarudi, lakini Bwana Shauri alikuwa amekwisha kukunja karatasi yake.

Rugu ikawa vilevile. Kiruruma ikawa vilevile. Muziki safi, sala safi, salamu safi, na amri ikifika, kimya. Baada ya Kiruruma Bwana Shauri alikuja karakana bila kubisha hodi.

"Mashine haina siasa," alimwambia Fundi Mkuu. "Haijui lini nasoma amri na lini wakungu wanasalimiana. Mtu anajua. Na mtu huyo ana kibanja Rugu."

Fundi Mkuu akanigeukia. "Una siku mbili. Pima kila kitu. Kama kuna hitilafu, andika. Kama hakuna, andika."

Nilijua maana yake. Nikikosa hitilafu, Kalisti ndiye hitilafu.

Nikaorodhesha sababu kumi na tatu zinazoweza kukata sauti, nikazipanga, nikazipanga upya. Nilibadilisha vali moja baada ya nyingine. Niligonga kila lehemu kwa ncha ya penseli, maana lehemu iliyopasuka hukohoa ukiigonga. Nilizikunja waya sentimita kwa sentimita nikisikiliza. Niliipima plagi ya shaba kwa mita, na sindano ikalala pale inapotakiwa. Siku mbili nzima spika zilipiga muziki mpaka wapishi wa boma wakaomba huruma. Nilifanya hayo yote mchana, ndani ya banda la bati lililokuwa tanuri, na jiko la mkaa la kupashia pasi ya kulehemu likiwa hatua moja kutoka gari.

Siku ya pili Kalisti alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona?"

"Bado."

"Mashine inaona baridi."

Nilikuwa na bisibisi mdomoni. Niliitoa ili nimjibu vizuri, kama mtu aliyesoma. "Mashine haioni baridi, Mzee. Ni chuma."

"Ngoma inaona. Ngoma ikilala nje, asubuhi haina sauti. Tunaiweka karibu na moto kwanza."

"Hii si ngoma."

"Sikusema ni ngoma," Kalisti akasema. "Nimesema inaona baridi."

Alingoja kidogo, labda nimuulize kwa nini anasema hivyo. Mimi nilikuwa nikifikiria uso wa Fundi Mkuu akisoma ripoti inayosema mashine yake inaona baridi. Niliufikiria kwa muda mrefu na kwa undani. Nilipoinua macho, mlango ulikuwa mtupu.

Niliandika hivi: "Nimevipima vyombo vyote kwa siku mbili. Hakuna hitilafu ya kiufundi iliyoonekana." Neno la mwisho nililiweka makusudi. Nilijiambia linamlinda Kalisti, kwa sababu kisichoonekana kinaweza kuwapo. Fundi Mkuu alisoma, akachukua kalamu, akalifuta.

"Ama ipo, ama haipo," alisema. "Weka sahihi."

Nikaweka.

Kalisti alifukuzwa wiki hiyohiyo. Kufukuzwa tu angeweza kuvumilia, alikuwa na kahawa na ndizi. Lakini siku zile mfanyakazi alikuwa na cheti chake cha kazi, tulichokiita kipande, na mwajiri aliandika humo tabia yake. Kwenye kipande cha Kalisti waliandika "Si mwaminifu." Kwa maneno hayo mawili hakuna misheni, hakuna machimbo ya bati ya Kyerwa, hakuna mfanyabiashara wa kahawa aliyempokea. Mtu wa ukoo uliokabidhiwa ngoma, vizazi kwa vizazi, kwa sababu ya uaminifu tu.

Mashine nikakabidhiwa mimi. Mwezi uliofuata tulirudi Kiruruma, saa mbili asubuhi, ukungu uleule. Muziki safi. Nikazima injini. Sala, salamu. Bwana Shauri akashika maikrofoni, akafikia "kila mwenye shamba," na spika zikanyamaza.

Alinigeukia polepole. "Hata wewe?"

Sijawahi kuogopa namna ile. Niliingia garini nikijua kwamba hakuna mtu aliyegusa kitu, maana mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Katika kuhangaika goti langu likagonga plagi ya shaba. Spika zikakohoa, sauti ikarudi. Niliiwekea mkono plagi ile. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Tuliporudi sikuigusa. Kesho yake alfajiri, kabla karakana haijafunguliwa, niliwasha gari uani, nikaacha injini ikinguruma huku sahani ikizunguka. Nikazima injini, nikangoja kwenye ukungu. Muziki uliendelea karibu nusu saa, kisha ukakatika. Niliishika plagi kwa viganja vyote viwili, nikaishikilia kama mtu anayemshika mgonjwa. Muziki ukarudi. Nikaachia, nikangoja, ukaondoka.

Nilipoichomoa, miguu yake ilikuwa na utando wa kijani, mzito kama gundi. Nikainusa. Samli. Hili andikeni mahali: mafuta yakikaa kwenye shaba yanachacha, na yakichacha yanaila shaba, yanatoa uchafu huo wa kijani ambao haupitishi umeme. Ukiwa na joto unalainika, chuma kinagusa chuma, sauti inapita. Ukipoa unakakamaa, unainua mguu wa plagi kwa unene wa unywele, sauti inakatika. Injini ilikuwa upande wa pili wa ule ukuta wa bati. Ilipozimwa plagi ilianza kupoa, na ilimaliza kupoa wakungu walipomaliza salamu. Hiyo ndiyo siasa yote iliyokuwa ndani ya mashine.

Na mimi niliipima mchana, ndani ya banda la moto, kando ya jiko.

Nilimpelekea Fundi Mkuu plagi mkononi. Aliitazama, akainusa, akatabasamu kidogo. Tabasamu lile sijalisahau.

"Umeipata. Vizuri. Isafishe."

"Na Kalisti, Bwana?"

"Kalisti aliipaka samli mali ya Serikali. Unataka niandike hilo pia?"

"Aliipaka kwa kuitunza. Hakukata sauti."

"Unataka niandike kwamba Bwana Shauri alimfukuza mtu kwa sababu ya plagi?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Bwana."

Aliweka plagi juu ya meza, katikati yetu. "Ofisi haiandiki ripoti mbili juu ya kitu kimoja. Ripoti ipo, na sahihi iliyo chini yake ni yako."

Jioni hiyo niliandika ripoti ya pili hata hivyo, kurasa mbili na mchoro wa plagi, nikatoa na nakala yake. Jumapili nikapanda baiskeli kwenda Rugu. Nilitafakari njia nzima nitaanzaje, na nilipofika nikawa nimesahau yote.

Kalisti alikuwa akianika kahawa uani. Mkewe alinipa kigoda. Huku kwetu mgeni akikaa, kabla ya neno lolote analetewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yake na kukaushwa. Hata adui aliyeingia uani analetewa. Mama yule alikwenda ndani, akarudi na kikapu. Kalisti akamtazama tu. Mama akakirudisha ndani.

"Nimekuja kukusomea kitu, Mzee," nikasema.

"Soma."

Nikasoma. Nilifafanua joto na baridi, kutu ya kijani, ukuta wa bati. Nilisoma kwamba mwendeshaji hakuhusika kwa namna yoyote. Alisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza kahawa kwa mkono.

"Kwa hiyo ni samli yangu," alisema.

"Ni samli, Mzee. Lakini si kosa."

"Na aliyegundua ni nani?"

Nikainamia karatasi.

"Hapo kwenye karatasi, aliyegundua ni nani?"

"Imeandikwa 'fundi aligundua.'"

"Fundi." Aliacha kugeuza kahawa. "Mimi nilikuja mlangoni kwako nikakwambia mashine inaona baridi. Ulikuwa na bisibisi mdomoni. Nikakwambia mara mbili. Sasa umejaza karatasi mbili za baridi, na mimi humo ni mtu aliyepaka samli."

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, akasema kama anayejisemea, "Mtoto wa watu ametoka mbali kuja kukuibia mara ya pili."

Nataka kusema nilisahau. Sikusahau. Nilipokuwa nikiandika, nilifika mahali pale pa kusema kwamba jibu nililetewa mlangoni nikalikataa, nikapita kando kama nilivyoipita samli siku ile. Niliogopa nitaonekana mjinga mbele ya watu ambao hawangeisoma ripoti ile hata kidogo.

Niliitoa kalamu. Nikaiweka karatasi gotini na kuandika juu kabisa, juu ya kichwa cha habari, kisha nikamsomea: "Mwendeshaji Kalisti alisema, kabla ya kupima kwangu kuisha, kwamba mashine inaona baridi. Alisema kweli. Mimi sikumsikiliza."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

Alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Aliikunja ndogo, akaiingiza katika kopo la bati alimoweka kile kipande. Kisha akarudi kugeuza kahawa yake. Kikapu hakikuja. Nilikaa mpaka nikaona kwamba hakitakuja, nikaaga, nikaondoka. Nilikasirika njia nzima, na ilinichukua miaka kukubali kwamba sikuwa na haki hata ya hasira ile.

Nakala niliyoipeleka ofisini Fundi Mkuu aliirudisha bila kuifungua. Baada ya miezi michache nilihamishwa, kwa maelezo kwamba nahitaji uzoefu. Niliupata: vituo vitano, wakuu tisa, baadaye redio yenyewe, na studio zenye spika nzuri kuliko masikio yangu. Uhuru ulipokuja nilimwandikia mkuu mmoja wetu, mwananchi mwenzetu, nikimwomba kipande cha Kalisti kisahihishwe. Alinijibu kwa upole kwamba vipande vimekwisha kufutwa, kwa hiyo hakuna cha kusahihisha. Kalisti alikufa nacho ndani ya kopo.

Nilipopewa karakana yangu mwenyewe nilichapisha fomu yangu ya matengenezo. Mstari wake wa kwanza ulisema: "Maneno ya mwendeshaji, kama alivyoyasema." Fundi hakuruhusiwa kufungua skrubu hata moja kabla ya kuujaza. Waliuchukia. Waliandika "anasema haifanyi kazi vizuri," nami nikawarudisha: alisemaje hasa? Mtangazaji mmoja aliwahi kusema spika ya kushoto inanuna mvua ikikaribia. Vijana walicheka wiki nzima. Ilikuwa soketi ya vali iliyokuwa ikila unyevu. Tuliipata kwa saa moja, kwa sababu tuliandika "mvua."

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na maneno mazuri. Mkuu mpya wa karakana, kijana mwenye shahada, mtu wa adabu, alinionyesha fomu mpya waliyoiandaa. Ina visanduku vya vipimo kumi na vinane. Nilitafuta ule mstari wa kwanza.

"Tumeuondoa, Mzee," akasema. "Tulijadiliana. Yale si vipimo."

Nilimwambia ni sawa. Nilisema hivyo kwa mdomo uleule uliosema "Ndiyo, Bwana," na ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Yule kijana anafikiri kwa makini kuliko nilivyofikiri mimi, anapima vizuri kuliko nilivyopima, na siku moja ataweka sahihi chini ya karatasi inayosema hakuna hitilafu. Mtu mwingine ataibeba maisha yake yote.

Fomu hiyo mpya ninayo hapa mezani. Juu kulia, kando ya tarehe, pamebaki nafasi nyeupe ya upana wa vidole viwili. Panatosha. Alichoniambia Kalisti kilikuwa maneno matatu.